Kitanda, Meza na Ukimya

Likizo hii nilipita Manyamanyama, pale Bunda, kumjulia hali mzee mmoja aliyekuwa akiugua. Binti yake niliwahi kumfundisha. Sasa ni mwalimu wa sekondari katika mkoa mwingine, naye ana shahada ya uzamivu aliyoipata kwa kufundisha mchana na kusoma usiku. Tuliketi uani, akanionyesha barua mbili katika simu yake. Ya kwanza ilimpongeza: amechaguliwa kukaa miezi sita katika taasisi moja ya utafiti nje ya nchi, apewe chumba, ofisi, maktaba na posho ya kujikimu, aandike kitabu chake juu ya wanawake wachuuzi wa samaki wa Ghuba ya Speke. Ya pili, iliyofika wiki kadhaa baadaye, ilisikitika: kwa kuwa barua ya ruhusa ya mwajiri haikupatikana katika muda uliowekwa, nafasi yake amepewa mwombaji aliyekuwa akimfuata.

Sikuwa na la kumwambia. Mama yake, aliyekuwa akichambua mchicha, ndiye aliyeuliza: "Mwalimu, huyu mwanao aliniambia wazungu watampa chumba na meza aandike. Chumba si kipo hapa? Meza si ile pale? Sasa kilichokosekana ni nini?"

Juma hilohilo nilikuwa nimepokea mwaliko wa kutoa mada katika warsha ya siku mbili. Lengo lake ni "kuwajengea wasomi vijana uwezo wa kuandika maombi ya ufadhili wa utafiti". Nimeukataa. Makala haya yanaeleza kwa nini, na yanajaribu kumjibu mama wa Manyamanyama.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Kwa wanafunzi na watumishi wa umma ambao jambo hili ni geni kwao, ukaazi wa utafiti, ambao wengi wetu twauita feloshipu, si masomo. Aliyeupata hapewi mtihani wala cheti. Ni mtu aliyekwisha kusoma, mwenye maswali na ushahidi mkononi, anayepewa mahali pa kukaa na kazi moja tu: kufikiri na kuandika. Katika fani za insia na sayansi za jamii, ambako maabara ya mtafiti ni kichwa chake, nyaraka zake na mazungumzo na wenzake, ukaazi wa namna hiyo ndiko vitabu vingi vinakozaliwa. Princeton walianzisha taasisi yao mwaka 1930. Berlin wanayo ya kwao. Barani Afrika zipo pia: Stellenbosch, Afrika Kusini, wana STIAS, na tangu mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Ghana, pale Legon, kina MIASA. Anayeomba huandika maelezo ya mradi, huambatisha wasifu wake na sampuli ya maandishi, hutafuta wadhamini wawili au watatu wa kumwandikia barua, kisha husubiri.

Kauli inayorudiwa katika vikao vyetu ni kwamba Watanzania hawapati nafasi hizi kwa sababu hawajui kuomba. Kiingereza chao kibovu, maelezo yao marefu, hawajiamini, hawasomi masharti. Kauli hii inapendwa kwa sababu haimgusi mkubwa yeyote. Kosa ni la kijana. Dawa ni warsha. Na warsha ina bajeti, chai na posho ya kikao. Anayeifadhili hupata ripoti, anayeiendesha hupata malipo, na kijana hurudi kwake na cheti cha kuhudhuria. Mwaka unaofuata nafasi zinatangazwa tena, na yeye bado ana vipindi thelathini kwa wiki.

Mwalimu huyu wa Manyamanyama alijua kuomba. Aliomba, akashindanishwa na watu wa mabara mengine, akashinda. Kilichomwangusha kilikuwa hapa nyumbani. Barua yake ilipita kwa mkuu wa shule, ikapanda ngazi moja, ikapanda ya pili, kisha ikalala. Alipofuatilia, aliulizwa anakwenda kusomea cheti gani. Akajibu kwamba haendi kusoma, anakwenda kuandika kitabu. Akaulizwa: kitabu cha mtaala? La. Basi, akaambiwa, ruhusa ya masomo haimhusu, na likizo yake ya mwaka ni siku ishirini na nane. Hakuna aliyemkatalia. Angekataliwa, angekata rufaa. Alinyamaziwa, na kunyamaziwa hakuna rufaa.

Kwa hiyo jibu langu kwa mama ni hili: kilichokosekana ni muda, na muda huo unashikiliwa na watu. Hautoki mbinguni kama mvua. Wapo wenye funguo zake, na hao ndio ningependa waitwe katika warsha.

Nianze na sisi wenyewe, walimu wa vyuo vikuu. Barua ya mdhamini ni kazi ya saa mbili. Wangapi kati yetu tumemzungusha mwanafunzi miezi miwili kwa kazi hiyo? Wangapi tumemwambia "iandike mwenyewe nitasaini", na kwa hilo tukampeleka mshindanoni akiwa na barua baridi isiyosema lolote ambalo mwalimu pekee ndiye angelijua? Na wapo, tuseme ukweli, wanaoitumia barua hiyo kama kamba: usipobeba mkoba wangu, usiponisahihishia mitihani, utaisubiri. Kijana wa mjini anaweza kuja kukaa mlangoni mwa ofisi mpaka ipatikane. Aliyepangiwa kazi mbali na chuo hana hata mlango wa kukaa.

Wa pili ni mwajiri. Utumishi wetu unamjua anayekwenda kusoma kwa sababu atarudi na karatasi, na karatasi inaingia katika jalada. Unamjua anayekwenda semina kwa sababu ana barua ya mwaliko na siku zinahesabika. Mtu anayeomba miezi sita ya kuandika anaonekana mtoro mwenye maneno mazuri. Tumefika mahali ambapo mwajiri anamruhusu mtumishi aongeze shahada ya tatu, lakini akishaipata hamruhusu kuitumia.

Wa tatu ni taasisi zenyewe zinazotangaza nafasi. Nazo zisitukuzwe kupita kiasi. Nyingi huweka ukomo wa miaka tangu mwombaji apate uzamivu. Kwenye karatasi sharti hilo ni la haki kwa wote. Lakini miaka saba ya mhadhiri aliyepewa nafasi ya kutafiti si sawa na miaka saba ya mwalimu wa kidato cha nne anayesahihisha madaftari mia mbili kila wiki, na si sawa na miaka saba ya mwanamke aliyezaa watoto wawili humo ndani. Tena nyumba zao nyingi zimejengwa kana kwamba msomi hana mtoto. Na lugha ya kuombea ni Kiingereza, au Kifaransa pale wanapojitahidi. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na kila mwaka tunacheza ngoma siku hiyo. Mwalimu huyu amehoji wachuuzi kwa Kijita, Kikerewe na Kiswahili. Ili apewe chumba cha kuandika juu yao, ilimbidi kwanza awageuze kuwa Waingereza.

Nalitaja suala la lugha nikiwa na mtu akilini. Kutoka Bunda ukiifuata njia hadi Kisorya, kuna kivuko cha kwenda Ukerewe. Huko ndiko alikozaliwa Aniceti Kitereza mwaka 1896. Kufikia mwaka 1945 alikuwa amemaliza riwaya kubwa kwa Kikerewe, riwaya ya Myombekere na Bugonoka, iliyohifadhi maisha ya watu wake kwa undani ambao hakuna afisa wa kikoloni aliyewahi kuukaribia. Haikupata mchapishaji. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika Ukerewe Wamarekani wawili, Gerald na Charlotte Hartwig, mume akitafiti historia ya kisiwa hicho. Walikutana na mzee, wakauona mswada, wakaupigania. Kitereza mwenyewe aliufasiri kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikautoa mwaka 1980. Mzee alifariki mwaka 1981, nakala za kitabu chake zikiwa bado hazijamfikia.

Miaka thelathini na mitano! Siwalaumu akina Hartwig. Bila wao pengine tungekuwa na panya walioshiba na kisa cha kusimuliana. Lakini tazama mgawanyo wa vitu. Mgeni alikuwa na muda, nauli na taasisi nyuma yake. Mwenyeji alikuwa na kitabu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nasi tumeigeuza methali hiyo kuwa sera ya elimu.

Hali haijabadilika kama tunavyojidanganya. Anayetaka kuisoma historia ya Mara ya Kusini leo ataelekezwa, na kwa haki kabisa, kwenye kazi za Jan Bender Shetler, mwanahistoria wa Marekani aliyeishi na kutafiti mkoani humu. Mwaka 2003 alihariri kitabu cha historia zilizoandikwa na wazee wa Mara wenyewe. Mwaka 2007 akatoa kingine juu ya Serengeti na kumbukumbu za watu wake. Ni kazi za heshima, na hiyo ya kwanza ina heshima ya ziada kwa kuwaacha wazee waseme. Lakini kitabu cha wazee wa Mara kilichapishwa Leiden, Uholanzi, na bei yake si bei ya mwalimu wa Bunda. Wazee waliandika. Tulishindwa kuwapokea.

Tunayo Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na mtafiti wa kigeni anajua kwamba bila kibali chake haruhusiwi kuanza kazi. Ni vema. Nchi yenye heshima hulinda mlango wake. Ila tumeweka utaratibu wa kumpa mgeni kibali cha kutafiti, na hatujaweka utaratibu wa kumpa mwenyeji muda wa kutafiti.

Sasa nasikia sauti kutoka ofisi za serikali, na ninaiheshimu, maana wengi wanaonisoma hufanya kazi humo. Inasema: nchi ina madarasa yenye wanafunzi mia moja, wewe wataka mwalimu aondoke miezi sita kwenda kukaa kimya? Na fedha zitoke wapi?

Nijibu kwa kumtumia mtu ambaye ofisi zote zimetundika picha yake. Uhuru wa Tanganyika ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baadaye, Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu na kumwachia Rashidi Kawawa. Alitaka kukijenga upya chama na kufikiri. Nchi ilikuwa na upungufu wa kila kitu: madaktari, wahandisi, walimu, barabara. Kama kuna mtu ambaye mwajiri wake angekuwa na haki ya kumnyima ruhusa, ni yeye. Mwezi Aprili mwaka huohuo kilitoka kijitabu chake juu ya ujamaa. Mtu anaweza kuukubali ujamaa au kuukataa. Hawezi kusema kwamba miezi ile ilipotea bure. Na mtu huyohuyo, akiwa Ikulu, alipata nafasi ya kufasiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, moja mwaka 1963 na nyingine mwaka 1969. Hakuna aliyemuuliza ni za cheti gani.

Kuhusu madarasa: aliyetoka darasani kwa miezi sita akarudi na kitabu juu ya wachuuzi wa Ghuba ya Speke amelirudishia darasa kitu ambacho hakikuwamo. Leo mwanafunzi wa Bunda anasoma historia ambayo yeye na mama yake hawamo. Tunashangaa akiikariri bila kuipenda.

Kuhusu fedha, ninaomba tu tufungue vitabu vya warsha, makongamano na uzinduzi wa mikakati. Siwezi kutaja jumla, lakini kila aliyepita katika ofisi ya umma anajua kumbi hizo, mabango yake, na chupa za maji zilizofunguliwa zikanywewa nusu. Gharama ya kumlisha na kumlaza mwandishi mmoja Butiama kwa miezi sita haiwezi kumtisha anayezijua.

Wengine watasema vijana wakitoka hawatarudi. Baadhi hawatarudi, ni kweli. Dawa yake ni kuwapa mahali hapa, si kuwafungia mlango kule.

Na yupo atakayenikumbusha kwamba mkoa huuhuu ndio uliotoa Azimio la Musoma, Novemba 1974, lililowataka wanaotaka chuo kikuu wafanye kazi kwanza, ili msomi asijitenge na jamii. Nakubali roho ya azimio lile. Msomi asiyejua bei ya dagaa mnadani hana la kuniambia juu ya uchumi. Lakini tukumbuke na sehemu ya pili ya hadithi. Sharti lile, lililoonekana sawa kwa wote, lilipunguza idadi ya wasichana walioingia chuoni, kwa kuwa miaka ya kusubiri ilikuwa ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa. Serikali iliona, na baada ya muda mfupi ikawaondolea wasichana sharti hilo. Hiyo ndiyo Serikali ninayoiomba leo: inayoweza kutazama kanuni sawa na kuona mzigo usio sawa. Mwalimu wa Manyamanyama amekwisha kufanya kazi ambayo Azimio lilitaka. Ameifanya miaka kumi na mmoja. Tukimnyima muda wa kuandika alichojifunza katika kazi hiyo, tunalivunja Azimio hilo, hatulitekelezi.

Mwisho wa lawama ni madai, na yangu ni manne.

Wahadhiri tukubaliane kwamba anayeombwa udhamini anajibu ndani ya wiki moja kama ataandika au hataandika, na akikubali anaandika mwenyewe. Hili halihitaji bajeti wala waraka. Nimeanza kulitekeleza, na mwanafunzi yeyote wangu ananishitaki hapa hadharani nikishindwa.

Mamlaka za utumishi zitambue ruhusa ya utafiti kwa mtumishi mwenye sifa, kama zinavyotambua ruhusa ya masomo, na maombi hayo yajibiwe kwa maandishi ndani ya siku thelathini. Ikiwa jibu ni hapana, basi iandikwe hapana, na sababu yake, na jina la aliyeamua.

Taasisi za nje zinazotangaza nafasi kwa Waafrika zihesabu miaka ya kazi na ya malezi kwa namna ya haki, ziruhusu mtoto aje na mama yake, na zipokee angalau sampuli ya maandishi kwa Kiswahili. Wasomaji wa kuitathmini hawakosekani. Kipo Mlimani chuo kinachokifanyia Kiswahili utafiti tangu mwaka 1964, na idara za Kiswahili zimo hata huko Ulaya.

Na la nne, ambalo ndilo kubwa: tuwe na ukaazi wetu, na uwe Butiama. Pale pana kaburi la Mwalimu, makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1999, na maktaba yake binafsi. Chuo kikuu chenye jina lake, cha kilimo na teknolojia, kipo wilayani humo. Waanze watu sita kwa miezi sita: mhadhiri mmoja au wawili, walimu wa sekondari, mtunza nyaraka, mwandishi asiye na shahada yoyote ila ana mswada. Maombi yaandikwe kwa Kiswahili, kurasa tano. Kila Jumamosi mmoja wao asome kazi yake mbele ya watu wa Butiama, Musoma au Bunda, wamuulize maswali. Fedha ziwe zetu tangu siku ya kwanza, hata zikiwa kidogo. MIASA ya Ghana inategemea sana fedha za Serikali ya Ujerumani, na STIAS imejengwa kwa msaada mkubwa wa mifuko ya Wallenberg ya Sweden. Siwabezi, wamefanya ambacho sisi hatujakifanya. Lakini anayelipia kitanda ndiye, mapema au baadaye, anayechagua ndoto.

Wataniambia, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Vijana wetu wameinama mpaka migongo imepinda. Methali hiyo inadhani kitanda kipo.

Nilipoaga, mama wa Manyamanyama alinifungia samaki wakavu katika gazeti, akasema binti yake ataomba tena mwakani. Binti alinyamaza. Mwakani atakuwa na mwaka mmoja zaidi tangu uzamivu, na mzee mmoja zaidi kati ya wale aliowahoji huenda atakuwa amekwenda na habari zake. Barua yangu ya udhamini nimekwisha kuiandika. Ninaisubiri ile nyingine, ya ruhusa, na safari hii nitamsindikiza mwenyewe mpaka mlangoni kuifuatilia.